Bakteria Wagandishao Maji Juu ya Jani

Mvua ya mawe ni adui wa zamani wa wakulima wa chai wa Kericho na Nandi. Huchanachana majani mawili na chipukizi, yaani sehemu ile ile anayoitafuta mchumaji. Mwanasayansi wa anga Russell Schnell alipochunguza mashamba hayo, aligundua kwamba majani makavu yanayooza chini ya michai yana chembe zenye uwezo mkubwa wa kugandisha maji. Kwa maoni yake, nyayo za wachumaji hutimua vumbi la majani hayo, na hewa inayopanda hulifikisha mawinguni, ambako husaidia kuanzisha mvua ya mawe.

Chembe za aina hiyo zina umuhimu kwa sababu tone la maji safi kabisa laweza kupoa hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri bila kuganda, kwa kukosa kitu cha kushikiza fuwele ya kwanza. Bakteria aitwaye Pseudomonas syringae amebeba kitu hicho: protini kwenye utando wake wa nje inayozipanga molekuli za maji kama zilivyo kwenye barafu. Penye protini hiyo, nyuzi 2 tu chini ya sifuri zaweza kutosha.

Uso wa jani ni makao magumu. Alfajiri kuna umande, mchana jua linaunguza, na sukari inayovuja ni kidogo mno. Hata hivyo sentimita moja ya mraba huweza kubeba bakteria zaidi ya milioni moja, waliojikusanya kando ya mishipa, kwenye mashina ya vinyweleo na karibu na stomata. Katika nchi za baridi, barafu hupasua seli za jani na utomvu ukamwagika, na bakteria hao wakapata chakula. Ndiyo maana wengi waliona kwamba uteuzi asilia uliihifadhi jeni ya protini hiyo kwa sababu ya sakitu.

Mtafiti Steven Lindow na wenzake waliiondoa jeni hiyo kwenye bakteria, na mwaka 1987 bakteria wasio nayo walinyunyizwa kwenye stroberi na viazi huko California. Kwangu mimi, uzito wa kazi hiyo uko hapa: bakteria wasiogandisha wakitangulia kukaa jani, wagandishao hukosa nafasi na chakula. Anayepiga dawa ya kuua kila kiumbe juu ya jani huwaondoa pia wakazi waliokuwa wakimzuia adui.

Lakini sakitu pekee haitoshi kueleza kwa nini jeni hiyo imehifadhiwa. Mtafiti Cindy Morris na wenzake wamemkuta bakteria huyu kwenye mvua, theluji, mito na maziwa, mbali na mashamba. Aliyepeperushwa juu anahitaji njia ya kurudi kwenye jani, na anayegandisha tone la wingu huongeza uwezekano wa kushuka nalo. Baadhi ya waliookotwa kwenye maji hayo, walipopandikizwa kwenye mimea maabarani, waliiambukiza ugonjwa. Kwa hiyo mkulima anaweza kuchoma mabaki yote ya mazao yaliyougua, na bado mvua ya msimu ujao ikamletea ugonjwa.