Riwaya Tamu Humdai Msomaji Mji

Wazee wa Meru husimulia kwamba hapo kale babu zao walikuwa watumwa mahali paitwapo Mbwaa, palipozungukwa na maji. Wapo watafiti wanaopaweka katika visiwa vya upande wa Lamu. Mabwana zao waliitwa Nguo Ntuni, yaani wenye nguo nyekundu, nao walitafuta sababu ya kuwaangamiza, wakawatwika kazi zisizowezekana. Mojawapo ilikuwa hii: tuleteeni kiatu cha ngozi chenye manyoya nje na ndani. Sasa mtazame ng'ombe. Ngozi yake ina manyoya upande mmoja tu. Upande wa pili, akishachunwa, ni utando wa mnofu. Ukishona ngozi mbili mgongo kwa mgongo, anayedai ataona uzi na kukuambia hiyo si ngozi moja. Msimulizi anayeijua kazi yake hunyamaza hapo kidogo, na katika kimya hicho kila aliyeketi anageuka fundi wa viatu, anageuzageuza ngozi akilini. Kisha jibu hutoka: ile ngozi inayoning'inia chini ya shingo ya fahali. Imejikunja ikashikana yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo ukiikata ina manyoya kushoto na kulia.

Hoja yangu ni kwamba raha ya kusoma riwaya inakaa katika kimya kile. Haikai katika jibu, ingawa jibu lazima liwe zuri, wala haikai katika ufundi wa maneno peke yake. Inakaa katika ile nafasi ambamo msomaji amekabidhiwa kazi na kuachiwa muda wa kuihangaikia. Mchezo wetu wa vitendawili unalijua jambo hili vizuri. Aliyeshindwa kutegua hapewi jibu hivi hivi. Huambiwa "nipe mji", naye hutaja Maua, au Runyenjes, au Siakago, na mtegaji akiridhika ndipo anapofungua. Jibu lina bei. Watoto wangeweza kuambiana majibu moja kwa moja na kumaliza vitendawili 50 kwa dakika chache, lakini hakuna mtoto anayetaka mchezo wa namna hiyo.

Chukueni Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996 na kusomwa na maelfu ya wanafunzi wa sekondari nchini Kenya. Kongowea Mswahili anakulia Tanga na mama yake Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, asimjue baba yake. Mama anakufa, na baadaye kijana anashika njia kuelekea Kenya kumtafuta mzazi aliyebaki. Msomaji wa Nkubu au Kianjokoma huenda hajawahi kuiona bahari, na taarabu ameisikia redioni tu, lakini kurasa chache zikipita tayari ana kazi: amsaidie Kongowea kumpata baba. Kuanzia hapo hasomi tena habari za Tanga. Anapima kila mtu mzima anayejitokeza njiani, anakumbuka neno lililodondoshwa sura mbili nyuma, anaogopa kwamba baba akipatikana atamkana mwanawe. Kidagaa Kimemwozea ya mwandishi huyo huyo inafanya kazi kwa njia nyingine. Mwalimu Majisifu anasifiwa kwa riwaya ambayo kwa kweli iliandikwa na Amani, kijana anayechunga ng'ombe, ambaye wakubwa wa dunia hii hawamwoni. Ukishalijua hilo, kila sifa anayomwagiwa Majisifu inakukera, na unasubiri haki itendeke kana kwamba mswada ulioibwa ni wako. Mtu atasema jina Majisifu limeshafichua kila kitu. Halijafichua. Limetuambia kwamba anajisifu, likatuachia kuuliza anajisifia mali ya nani.

Ikiwa hoja hii ina ukweli, basi inaeleza pia kwa nini vijana wengi wanamaliza kidato cha nne wakiichukia riwaya waliyoisoma. Katika maduka ya vitabu ya Meru na Embu, riwaya teule hukaa bega kwa bega na mwongozo wake, na mara nyingi mwongozo ndio hufunguliwa kwanza. Ndani yake mna muhtasari wa kila sura, maudhui yamepangwa, sifa za wahusika zimeorodheshwa, taharuki imetajwa pamoja na ukurasa ilipo. Hebu fikirini: taharuki, ambayo maana yake ni moyo kuning'inia, inafundishwa kwa mtu aliyekwisha kuambiwa mwisho. Ni kumpa mtoto jibu la kitendawili, kisha kumtaka aeleze kwa nini kitendawili ni kigumu. Siwalaumu walimu. Karatasi ya tatu ya mtihani wa Kiswahili ina maswali yake na muda ni mfupi. Lakini mwalimu anayesoma na darasa sura mbili za kwanza kwa sauti, akafunga kitabu pale mhusika anapogonga mlango, na kuwatuma wanafunzi wakabashiri nani atafungua, hajapoteza kipindi. Mwongozo unaweza kuja baadaye, baada ya wenyewe kutoa mji.

Kuna wanaopinga kutoka upande mwingine. Wanasema shida ya msomaji wa huku si kimya wala kazi, ni lugha. Kiswahili kwa wengi ni lugha ya pili baada ya Kimeru, Kiembu, Kimbeere au Kitharaka, hivyo riwaya ya kupendeza ni ile yenye maneno mepesi. Pingamizi hili lina uzito, ila linachanganya ugumu wa aina mbili. Siku Njema imejaa misemo na msamiati wa pwani, na wanafunzi hawakuikimbia. Waliinukuu katika insha zao, wakayatumia maneno yake viwanjani. Mtu mwenye hamu ya kujua hulivuka neno asilolijua kama mtu anayeruka kijito, akarudi kulitazama kesho. Asiye na hamu hata sentensi rahisi humchosha, kwa sababu hana anachokitafuta ng'ambo yake. Riwaya nyingi zilizorahisishwa kwa ajili ya vijana zimeondoa ugumu wa maneno, na papo hapo zikaondoa fumbo lililomfanya mtu ajitahidi kuyaelewa.

Wengine watauliza: mbona tunarudia kitabu ambacho mwisho wake tunaujua? Hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu zaidi, na mtu wa eneo hili hili ametusaidia kulijibu. Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, aliita tamthilia yake ya mwaka 2001 Kifo Kisimani. Ni tamthilia, si riwaya, lakini somo lake linafaa kwetu. Anwani yenyewe inatangaza kwamba mtu atakufa, tena kisimani, katika nchi ambayo maji ndiyo uhai. Bado tunasoma. Tunasoma kwa sababu swali limehama kutoka nini kitatokea likawa nani ataua na amefikishwaje huko, na inapobainika kwamba mkono unaomuua mhusika Mwelusi ni wa ndugu yake Gege, tunaona kwamba kujua kifo kunakuja hakukutukinga na lolote. Hivyo ndivyo ilivyo kwa anayerudia. Mara ya kwanza alikuwa na wasiwasi pamoja na mhusika. Mara ya pili ana wasiwasi kwa ajili yake, akimwona anatembea kuelekea kisimani asijue. Masimulizi ya Mbwaa nayo yamesimuliwa vizazi na vizazi kwa watu wanaolijua jibu la kiatu.

Kuhusu ujumbe nitasema machache. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, iliwahi kuzuiwa shuleni Tanzania kwa kudhaniwa itapotosha vijana. Ndani yake baba mkali anamlinda binti kwa fimbo, na tunaona ulinzi huo unamfikisha wapi binti akiwa mbali na nyumbani. Aliyeisoma hakuhitaji mahubiri, maana amefanya hesabu mwenyewe, na hesabu uliyoifanya mwenyewe huisahau kwa shida. Lakini Kezilahabi huyo huyo aliandika pia Nagona, kitabu ambacho ni fumbo juu ya fumbo, na hapo hoja yangu inahitaji mpaka. Kazi ya Mbwaa ilikuwa ngumu, ila ilieleweka: kiatu, manyoya, pande mbili. Katika Nagona msomaji wa kawaida hajui hata ameulizwa nini, na hawezi kutoa mji kwa kitendawili ambacho hakijategwa. Nakiheshimu kitabu hicho, na wapo wanaokipenda kwa haki; ila sishangai kwamba wengi hukiweka chini.

Ndiyo maana nawatazama waandishi chipukizi wa Chuka, Meru na Embu kwa matumaini, kwa kuwa mali wanayo. Mbwaa haikuishia kwenye kiatu. Wasimulizi wanasema watu walitoroka usiku, maji yakawapisha, nao wakavuka kwa mafungu. Waliovuka gizani waliitwa weusi, waliovuka alfajiri wekundu, na waliovuka jua limeshatoka weupe. Majina hayo yanabaki katika koo za Wameru hadi leo. Riwaya yake ingeandikwa kwa Kiswahili, lugha ya ufuo ule ule wanaosemekana kuukimbia. Na swali la kumkabidhi msomaji lipo tayari, maana masimulizi hayakulijibu: watu wanaikimbia mauti, njia imefunguka tangu usiku wa manane, nyayo za wenzao zinaonekana kwenye mchanga uliolowa. Aliyebaki ng'ambo mpaka jua likachomoza alikuwa akimsubiri nani?