Taa ya Injini Ikiwaka, Usikimbilie Kununua Sensa

Juma hili tuzungumzie kifaa kidogo kinacholingana na plagi kwa ukubwa, lakini kinachowamaliza fedha wenye magari ya zamani. Nacho ni sensa ya oksijeni. Si sensa ile ya kuhesabu watu, ingawa hii nayo kazi yake ni kuhesabu.

Chukua mfano wa dereva anayebeba abiria kati ya Kahama na Geita kwa Toyota Corolla ya miaka ya 1990. Kila jioni hana budi kupeleka hesabu kwa mwenye gari. Lita zilizokuwa zikimpeleka na kumrudisha, sasa zinamwishia njiani. Bomba linatoa moshi mweusi, gari linanuka petroli, na taa ya injini inawaka. Fundi anatazama mara moja tu na kusema: "Bosi, hiyo ni oksijeni sensa, lete nyingine." Dereva analipa. Baada ya siku mbili taa inawaka tena. Hesabu ya siku kadhaa imekwenda, na ugonjwa uko palepale.

Kosa liko wapi? Kosa ni kumhukumu shahidi badala ya kusikiliza ushahidi wake. Petroli huungua vizuri ikichanganywa na hewa kwa kipimo, yaani kilo 14.7 hivi za hewa kwa kilo moja ya petroli. Sensa hukaa kwenye ekzosi na kupima oksijeni iliyobaki katika moshi. Oksijeni ikiwa nyingi, hutoa umeme mdogo, kama volti 0.1, ikiwa kidogo, hutoa karibu volti 0.9. Kompyuta ya gari husoma umeme huo, kisha huongeza au kupunguza petroli. Sensa ya namna hii, iliyotengenezwa na Bosch ya Ujerumani, ilianza kufungwa mwaka 1976 kwenye magari ya Volvo yaliyouzwa Marekani.

Lakini shahidi huyu anaweza kudanganywa. Barabara za mashimo hupasua ekzosi na kulegeza maungio yake. Ufa ukiwa kabla ya sensa, hewa ya nje huingia, sensa huona oksijeni nyingi, na kompyuta hudhani petroli ni kidogo, ikaongeza. Gari linakunywa mafuta na sensa ni nzima! Kadhalika, plagi isiyochoma huacha oksijeni ipite bila kutumika, na matokeo ni yale yale.

Ni kweli kwamba sensa nayo hufa. Zamani adui yake mkuu alikuwa risasi iliyotiwa kwenye petroli, lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo ilipoingia 2006. Waliobaki ni oili inayoungua ndani ya injini, gundi ya silikoni inayopakwa ovyo kwenye gasketi, na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo huacha masizi. EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010 ili kupambana na uchakachuaji huo, lakini petroli ya kwenye dumu kando ya barabara haina wa kuidhamini.

Basi tupime. Kwanza, tazama ekzosi, plagi, chujio la hewa na mipira ya hewa. Ukisikia ekzosi inapumua mahali pasipostahili, ziba kwanza hapo.

Pili, Toyota nyingi za miaka hiyo zina kisanduku chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, kisha hesabu taa inavyopepesa. Mara mbili, kituo, halafu mara moja, ni namba 21, yaani upande wa sensa. Namba hiyo haisemi kuwa sensa imekufa. Yaweza kuwa waya umekatika au soketi imeshika kutu.

Tatu, pasha injini moto sawasawa, kwa kuwa sensa haifanyi kazi mpaka ifikie nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Tumia kipimo cha volti cha namba, uguse waya wa ishara kwa nyuma ya soketi bila kuichomoa. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, namba ziwe zinapanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9, mara 8 au zaidi kwa sekunde 10. Kanyaga mafuta ghafla, zipande; achia, zishuke. Zikiganda mahali pamoja hata ukifanya hivyo, na waya ni mzima, hapo sasa sensa imekwisha.

Kubadilisha si kazi kubwa. Tia mafuta ya kulegeza kutu, ungoje ekzosi ipoe kiasi. Nyingi hufunguliwa kwa spana namba 22. Toyota nyingine hushikwa kwa nati mbili. Mpya iwe na idadi ileile ya nyaya. Grisi maalumu ipakwe kwenye nyuzi tu, isiguse ncha. Nyaya zisilale juu ya ekzosi. Ukimaliza, chomoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika ili kompyuta isahau kosa la zamani.

Wako wanaoona njia ya mkato ni kung'oa balbu ya taa ile. Hao nawakumbusha kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Petroli inayozidi husafisha oili kwenye kuta za silinda, huyeyusha masega ya ekzosi, na moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Hapo Geita hakuna mnunuzi wa dhahabu anayetoa fedha kabla ya kupima. Mwenye gari naye amwambie fundi wake hivyo hivyo: pima kwanza, nione namba, ndipo nilipe.

Hadi juma lijalo, nawatakia safari njema.