Kubadili Injini ya Lori la Zamani la Jeshi: Mambo ya Kupima Kabla ya Kutoa Fedha za Wanachama

Msimu wa kahawa unapokaribia wilayani Ngara, na ule wa pamba na tumbaku wilayani Biharamulo, suala la usafiri huwa miongoni mwa mambo ya kwanza katika vikao vya vyama vya msingi. Mazao yaliyolala ghalani hayamlipi mkulima, na mvua ikinyesha, njia nyingi za vijijini hazipitiki kwa kila gari. Ndiyo maana lori la zamani la jeshi huwavutia viongozi. Chesi yake ni nzito, limeinuka vizuri juu ya ardhi, na ekseli zake zote huvuta. Aghalabu bei yake mnadani ni ndogo. Kasoro yake ni injini ya petroli inayokunywa mafuta kupita kiasi, na ambayo vipuri vyake ni taabu kupatikana. Hapo ndipo hutolewa shauri kwamba injini hiyo ing'olewe na mahali pake iwekwe ya dizeli.

Shauri hilo si baya. Lakini mara nyingi hufikishwa mbele ya wanachama likiwa nusu: hutajwa bei ya injini, wala hayatajwi mambo yanayoifuata. Makala hii inaeleza mambo hayo.

Nguvu husafiri

Tuchukue mfano wa Bedford RL, lori la tani 3 lililoanza kutumiwa na jeshi la Uingereza katika miaka ya 1950. Lilikuwa na injini ya petroli ya silinda 6 na lita 4.9, gia 4, na boksi la transifa lenye gia kubwa na ndogo, linalogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Mafundi wengi wangependa kulitia injini ya Isuzu 6BD1, ya dizeli, yenye silinda 6 na lita 5.8, kwa kuwa wanaifahamu.

Yafaa ieleweke kwamba injini haizungushi gurudumu moja kwa moja. Nguvu yake hupita katika klachi, gia boksi, transifa, propela na krosi zake, difu, hatimaye ekseli. Kila kiungo kilitengenezwa kubeba kiasi maalumu. Tuseme injini ya zamani ilitoa nguvu ya kuzungusha ya nyutonimita 300. Ikiwa gia ya kwanza ni 7 kwa 1, na gia ndogo ya transifa ni 2 kwa 1, propela hupokea 4,200. Injini mpya ikitoa 400, propela ile ile itapokea 5,600. Hilo ni ongezeko la theluthi nzima juu ya chuma kilichokwisha kuchoka kwa miaka mingi. Lori likikwama topeni na mzigo wake, na dereva akaachia klachi kwa ghafula, kitakachovunjika si injini mpya, bali krosi, ekseli au meno ya difu.

Jambo la pili ni mwendo. Injini ya dizeli huzunguka polepole kuliko ya petroli. Kwa difu ya 6 kwa 1 na gurudumu lenye mzingo wa mita 3.2, injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika katika gia ya juu ya 1 kwa 1 hulipeleka lori kilomita 96 kwa saa. Ikiwa kikomo cha injini mpya ni mara 2,400, mwendo hauzidi kilomita 77. Kwa njia za vijijini mwendo huo unatosha, lakini katika barabara kuu dereva asiyeelezwa ataikamua injini kupita kikomo chake na kuiua mapema.

Funzo kutoka kiwandani

Kazi hii imewahi kufanywa na kiwanda chenyewe. Lori la kijeshi la Ural-375D, lililoundwa Miass katika Shirikisho la Kisovyeti la wakati huo, lilikuwa na injini ya petroli ya nguvu za farasi 180. Mwaka 1977 kiwanda kilianza kutoa Ural-4320, lori la ukoo ule ule lakini lenye injini ya dizeli ya KamAZ ya nguvu za farasi 210. Wahandisi hawakuondoa injini na kuweka nyingine tu. Klachi na gia boksi navyo vilibadilishwa kuifuata injini. Ikiwa kiwanda chenye mitambo yote kiliona hivyo, chama cha msingi hakina sababu ya kudhani kwamba injini peke yake inatosha. Kanuni iliyo salama ni kununua injini pamoja na klachi na gia boksi yake, kisha fundi apime urefu wa propela upya, maana gia boksi mpya huisogeza transifa mbali au karibu.

Breki: jambo la uhai

Injini ya petroli, inapovuta hewa kupitia kabureta iliyofungwa nusu, hufanya mvuto ndani ya bomba la kuingizia hewa. Malori mengi ya zamani huutumia mvuto huo kumsaidia dereva kukanyaga breki. Injini ya dizeli haina kizuizi hicho, kwa hiyo haina mvuto wa kutosha. Fundi akiliunganisha bomba la zamani kwenye injini mpya na kuishia hapo, pedali itakuwa ngumu kama jiwe siku lori litakapokuwa na mzigo. Ni lazima iwekwe pampu ya mvuto inayoendeshwa na injini, au kompresa ikiwa breki ni za upepo.

Isitoshe, dizeli isiyo na breki ya ekzosi haizuii gari mteremkoni kama petroli ilivyozuia. Mwenye kuujua mteremko wa kutoka vilima vya Ngara kwenda Rusumo haitaji kuelezwa zaidi. Lori lijaribiwe kwanza tambarare likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo, kabla ya kukabidhiwa dereva.

Mzigo na hesabu

Injini yenye nguvu zaidi haiongezi uwezo wa springi wala ekseli. Lori la tani 3 hubaki la tani 3, yaani magunia 50 ya kahawa safi ya kilo 60, na uzito wa ziada wa injini ya dizeli hukaa juu ya ekseli ya mbele.

Katibu aandae hesabu kwa mfano huu. Lori likitembea kilomita 6,000 kwa msimu na kutumia lita 45 za petroli kwa kila kilomita 100, litahitaji lita 2,700. Likitumia lita 28 za dizeli, litahitaji 1,680. Faida ni lita 1,020. Thamani ya lita hizo ilinganishwe na gharama zote: injini, gia boksi, propela, rejeta, pampu ya breki, malipo ya fundi, na siku ambazo lori litalala gereji. Hesabu hiyo ilinganishwe pia na nauli ya lori la kukodi. Ikiwa gharama hazirudi katika misimu michache, afadhali kukodi.

Matumizi hayo yawe ndani ya makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu, na mkopo wowote usivuke ukomo wa madeni ulioidhinishwa. Kadi ya gari ina namba ya injini. Ikibadilishwa, taarifa ipelekwe Mamlaka ya Mapato na kwa kampuni ya bima, kwani gari lisilolingana na kadi yake huleta mgogoro siku ya ajali. Mwisho, kila safari iandikwe: kilomita, lita na mzigo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na lori ni mali ya kila mwanachama aliyeleta gunia lake ghalani.