Tijara ya Biskuti Laini na Hesabu Zisizotajwa

Tijara ya biskuti laini zenye chembe za chokoleti, ambayo katika Dar es Salaam imeshikwa zaidi na wanawake wanaooka majumbani mwao, wakapokea oda kwa simu na kuzipeleka kwa bodaboda, husifiwa sana katika semina za ujasiriamali kuwa ni kazi ya rasilmali ndogo na faida ya haraka. Sifa hiyo ina ukweli wa upande mmoja. Rasilmali ya kuanzia ni ndogo kweli, maadamu oveni imo ndani na mizani ipo. Ama faida, kwa kauli ya waokaji wenyewe, imekuwa ikipungua kwa sababu ambazo hazimo mikononi mwao, wala semina hazizigusi.

Sababu ya kwanza ni chokoleti. Asili ya biskuti hii ni Marekani, katika jimbo la Massachusetts, ambako ilibuniwa na mwenye nyumba moja ya wageni katika miaka ya 1930, na vipimo vyake vya awali vingali msingi wa vile vinavyofuatwa hapa kwetu: unga gramu 280 hivi, siagi gramu 225, sukari nyeupe na ya kahawia, mayai mawili, na chokoleti gramu 340. Msomaji aliyezoea kudhani kwamba uzito wa biskuti ni unga na azitazame tena namba hizo, maana chokoleti imeuzidi unga. Na mwokaji anayejihesabu kuwa yumo katika biashara ya ngano, ambayo nayo sehemu kubwa huagizwa kutoka ng'ambo, kumbe yumo katika biashara ya kakao.

Na kakao ndiyo iliyotikisa masoko. Ivory Coast na Ghana, ambazo pamoja huvuna zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, zilipatwa na mvua mbaya na maradhi ya miti, hata bei katika soko la New York, ambayo kwa miaka mingi haikuwa ikipita sana dola 3,000 kwa tani, ikavuka dola 12,000 katika Desemba 2024. Mwaka uliofuata ilishuka sana, lakini waokaji wanashikilia kwamba maduka ya Kariakoo yalikuwa mepesi kupandisha na mazito kuteremsha. Jambo la kusikitisha ni kwamba kakao inalimwa kwetu, Kyela na Kilombero, na bado aghalabu huondoka nchini ikiwa punje zilizochachushwa na kuanikwa, kisha hurudi ikiwa chokoleti iliyokwisha kubeba gharama ya viwanda vya wengine. Wengi kwa hiyo wamehamia chokoleti ya mafuta ya mimea, ambayo ni rahisi na haiyeyuki upesi katika joto la pwani, ila mushtiri mzoefu huitambua mara inapogusa ulimi.

Lakini mwokaji mmoja wa Tabata, mama wa makamo aliyeanza na keki za harusi kabla ya kuingia katika biskuti, hakutaka kuzungumza sana juu ya chokoleti. Lililomkera ni luku, yaani malipo ya umeme. Mwenye nyumba anayetumia yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa yuniti, kabla ya kodi. Naye anayeuvuka mpaka huo kwa kudumu huhamishiwa daraja la shilingi 292. Oveni yake ni ya kilowati 2, na hata ikikadiriwa kwamba hujizima na kujiwasha kadiri joto linavyotimia, saa moja na nusu kila siku inatosha kumaliza sehemu kubwa ya yuniti hizo, kabla friji, pasi na taa hazijapata fungu lake. Hivyo oda zinapoanza kuja, si biskuti peke yake inayopanda gharama, bali umeme wote wa nyumba hulipiwa karibu mara tatu, hata ule wa taa anayosomea mtoto. Mama huyu hadai kupewa umeme wa bure. Hoja yake ni kwamba amehesabiwa sawasawa na mwenye nyumba ya viyoyozi, ilhali yeye anatafuta riziki.

Juu ya bei kuna kukatika. Biskuti laini haivumilii ghafla: huingizwa katika joto la nyuzi 180 hivi, ikakaa dakika 10 mpaka 12, ikatolewa kingo zake zikiwa zimeshika na kati ikionekana kama bado mbichi, kisha huachwa juu ya trei imalizikie kwa joto lake yenyewe. Umeme ukikatika katikati ya muda huo, siagi huyeyuka na kutoka kabla unga haujashika, madonge hutandaa yakagusana, na umeme ukirudi kinachopatikana ni bamba moja gumu la mafuta. Alifungua kopo akaonyesha vipande vya trei ya namna hiyo, alivyoviweka kwa ajili ya watoto. Akasema, "Hivi, mwanangu, ni mtaji wa siku nzima."

Ofisa mmoja wa sekta ya nishati alijibu malalamiko haya kwa takwimu moja, akairudia mara kadhaa: bwawa la mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na kwa hiyo upungufu wa umeme ni habari iliyopita. Takwimu ni sahihi, na ujenzi wa bwawa hilo ni kazi kubwa inayostahili heshima. Hata hivyo megawati hazifiki Tabata bila ya nyaya, nguzo na transfoma, na hapo ndipo jibu la ofisa lilipokuwa fupi. Aliongeza kwamba mpango wa taifa unakusudia asilimia 80 ya wananchi wapikie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lakini mwokaji tuliyemtaja ameshalirudia jiko la mkaa, sufuria ndani ya sufuria na makaa juu ya mfuniko, kwa zile siku asizouamini umeme. Mkaa huivisha vileja na keki vizuri. Biskuti laini huungua chini kabla haijaiva juu. Mpango unaomwacha mtu akirudi nyuma kutoka oveni hadi mkaa una kasoro, na ofisa hakuieleza.

Kikwazo kingine ni alama ya ubora, na habari yake ni fupi: pasipo hiyo rafu za maduka makubwa hazifikiki, na ukaguzi hutaka chumba cha kuokea kilichotengwa na jiko la aila, jambo zito kwa mpangaji wa vyumba viwili.

Mbele kuna nini, ni vigumu kukata shauri. Oda za Ramadhani, sikukuu na harusi zitaendelea, na kakao ikizidi kushuka huenda ahueni ikafika hata Kariakoo; lakini biskuti hii, tofauti na vileja na nankhatai ambazo ni kavu kwa asili, ubora wake ni unyevu, nao hupotea kwa siku chache tu, hivyo mwokaji hawezi kuweka akiba kungojea siku njema. Wanaopanga bei za umeme wana jambo moja la kufanya lisilohitaji bwawa jipya: wamwekee mzalishaji wa nyumbani daraja la kati, baina ya shilingi 100 na 292, nao waokaji waulizwe kabla namba haijaandikwa.