Neno la kuuzisha na hamu ya wachezaji

Kompani ikitaka kuuzisha kitu, inatafuta neno fupi lenye kuingia upesi kichwani. Katika mwaka 1999 Sega, kompani ya Japani, ilianza kuuzisha Dreamcast kule Marekani, ile mashini ya kucheza michezo kwenye televizyo. Tangazo lilisema: «Inafikiri.» Lakini katika 2001 Sega iliacha kuitengeneza, sababu ya hasara. Wenye kupenda mchezo Shenmue walibaki katikati ya hadithi. Wakaomba sehemu ya tatu miaka na miaka. Katika 2015 Yu Suzuki, mtunga mchezo, aliomba msaada: watu wakachanga dola kupita milioni 6. Mchezo ulitoka 2019, nao pia haukumaliza hadithi! Basi tuone: neno la kuuzisha lilikufa pamoja na mashini, lakini hamu ya watu ilibaki.