Aliyepotewa na Maneno Hajapotewa na Akili

Kiharusi ni maradhi yasiyobisha hodi. Mshipa wa damu kichwani huziba au hupasuka, sehemu ya ubongo ikakosa damu, na mtu aliyeamka mzima akawa hawezi kuinua mkono. Aghalabu watu huuzungumzia mkono huo na mguu. Ni nadra kulizungumzia jambo jingine, ambalo katika nyumba nyingi ndilo zito zaidi: mgonjwa kupotewa na maneno. Wataalamu huiita hali hiyo afasia.

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu wa isimu habari za Paul Broca, tabibu wa Ufaransa ambaye mnamo 1861 alimweleza mgonjwa aliyeweza kutamka silabi moja tu, "tan", ilhali aliyaelewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, ubongo wake ulionekana umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka 1874 Carl Wernicke, Mjerumani, akaeleza aina nyingine: wagonjwa wanaosema kwa wepesi maneno yasiyo na maana, na wasioelewa vyema wanayoambiwa. Darasani mada hii huchukua saa mbili. Kwetu Mombasa imekwisha kuchukua mwaka na miezi minne, tangu baba yangu apatwe na kiharusi, na haijamalizika.

Baba ni wa kundi la Broca. Hata hivyo, ukimtolea salamu hutadhani ana kasoro yoyote. Mgeni akisema "Asalaam alaikum", yeye hujibu hadi "warahmatullahi wabarakatuh" kwa sauti kamili. Husoma Alhamdu yote bila kukwama, na kuhesabu moja hadi kumi. Kisha akitaka maji hawezi kuyataja. Tabibu Mwingereza, John Hughlings Jackson, alilitambua jambo hili katika karne ya 19: maneno yaliyozoeleka ulimini hayafuati njia moja na maneno tunayoyaunda papo kwa papo ili kutoa fikira mpya. Majirani hawana habari za Jackson. Walisikia salamu imejibiwa, wakauliza la pili, wakapata kimya. Baadhi yao wakanong'ona kwamba mzee ana kiburi. Wengine, kwamba akili imemruka. Ikawa wakija humwuliza mama, "Mzee amekula leo?", ilhali mzee mwenyewe ameketi hapo hapo akiwatazama.

Kilichomrejesha miongoni mwa watu, kwa maoni yangu, ni bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, ambazo huzinamua moja moja. Zikiisha, mchezo huingia katika mtaji. Fundi hupiga hesabu kichwani kabla ya kugusa kete: aanzie kichwa kipi, kete ya mwisho itaangukia wapi, nyumba isafiri au ibaki. Alex de Voogt, katika tasnifu yake ya 1995 kuhusu mafundi wa bao wa Zanzibar, alishughulikia hasa uwezo huo wa akili. Hesabu hiyo haimlazimu mtu kutamka neno lolote.

Baba alicheza barazani, Mji wa Kale, takriban kila alasiri kwa zaidi ya miaka 40. Katika mwezi wa tatu wa ugonjwa, wenzake wawili walikuja nyumbani na ubao. Mkono wa kulia ulikuwa umepooza, basi akacheza kwa wa kushoto, polepole, kete nyingine zikimponyoka. Walimsubiri. Mchezo wa pili alishinda. Na katikati ya mchezo huo alitamka, "Nimelala." Mama akainuka haraka kumtandikia kitanda. Wachezaji wakaangua kicheko, na baba akacheka nao, kwani kulala katika bao ni zamu kukoma. Nje ya salamu na sala, hicho kilikuwa kitenzi cha kwanza tulichokisikia kwake tangu augue, tena kitenzi kamili chenye nafsi na wakati.

Sisemi kwamba bao ni dawa ya afasia. Msamiati wake haujaongezeka sana tangu siku ile, na wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wachache mno. Nasema tu kwamba palipo na ubao, majirani walianza tena kumkabili yeye mwenyewe.

Wapo jamaa waliosema mchezo haumstahiki mgonjwa, apumzike, atulie. Jamaa hao hao walikutana mwaka jana kuamua iwapo baba ahamie kwangu Nairobi. Hoja zao hazikuwa za ovyo: huko kuna mimi, kuna madaktari, na kiharusi chaweza kurudi. Walishauriana kwa muda wa saa nzima pasipo kumgeukia. Niliomba tumuulize. Mwenye afasia huweza kusema "ndiyo" akikusudia "hapana", kwa hivyo nilimuuliza kwa namna mbili, nikiligeuza swali: "Baba, wataka kwenda Nairobi?" na baadaye, "Baba, wataka kubaki hapa?" Mara ya kwanza alitikisa kichwa. Mara ya pili alisema "ndiyo", akaelekeza kidole mlangoni, kwenye baraza.

Amebaki. Gharama yake ni gari la usiku kila wiki ya pili, na karatasi za mitihani ninazozisahihisha uani, mama akipika. Mimi, ambaye sikuwahi kuupenda mchezo huo, nimejifunza bao; hunifunga bila huruma.

Walimu wenzangu, katika madarasa yenu yumkini yumo mwanafunzi mwenye mzazi wa namna hii, ambaye mzazi wake hawezi tena kuja shuleni kumsemea. Mwambieni haya machache. Azungumze na mzazi wake kwa sentensi fupi, bila kupaza sauti, maana masikio hayana dosari. Ampe nafasi ya kutafuta neno, asikimbilie kulimalizia. Redio izimwe wakati wa mazungumzo. Na ikiwa mzazi alikuwa mshonaji, mvuvi au mpenzi wa taarabu, vifaa vya shughuli hiyo visifichwe stoo.

Baba hajaweza bado kulitaja jina langu. Akitaka kuniita, hugonga ubao kwa kete mara mbili.