Kati ya 29 na 30

Mwanasaikolojia wa Kanada, Robert Hare, alitunga orodha ya vipengele 20: uongo wa kila mara, kutojuta, maneno matamu ya kurubuni na kadhalika. Kila kimoja hupewa alama 0, 1 au 2. Marekani, mfungwa akifikisha 30 kati ya 40 kwa kawaida huitwa saikopathi. Uingereza mara nyingi 25 zinatosha. Basi mwenye 27 akipanda ndege kwenda London, anageuka saikopathi angani?

Mwaka 1994 Grant Harris na wenzake walidai saikopathi ni kundi la pekee. Mwaka 2006 John Edens na wenzake waliona mteremko tu, bila ukuta. Mimi nawaafiki hao wa pili. Bosi wangu wa zamani, aliyemfukuza kazi mhasibu mjamzito huku akitabasamu, angepata ngapi? Labda 12. Ofisini zilitutosha.